Halloween ilitoka huku: usiku wa Samhain, Ireland

Mambo zenu familia, karibuni tena. Mama, najua unatazama, shikamoo.

Leo nimekaa jikoni kwangu hapa Navan, jimbo la Meath, kwa sababu mmeniuliza sana kuhusu Halloween, ule usiku wa vinyago wa tarehe 31 Oktoba, uliotokana na sikukuu ya kale ya huku iitwayo Samhain: "Dada, huko kweli mnasherehekea mashetani?" Kila Oktoba ikiisha kuna ile meseji ya WhatsApp inazunguka, eti Samhain ni mungu wa mauti wa Waselti, yaani watu wa kale wa huku. Jamani. Samhain ni jina la msimu, linatamkwa "sau-in", na hadi leo mwezi wa Novemba kwa Kiirishi unaitwa hivyo. Hakuna anayeuabudu mwezi wa 11, na kwa mvua za huku sioni angeuabudia nini.

Tuanze na ng'ombe, maana habari yenyewe iko zizini. Ireland ya kale utajiri wa mtu ulikuwa ng'ombe, na mwaka waliukata mara mbili. Tarehe 1 Mei, Bealtaine, mifugo inapandishwa malisho ya milimani. Novemba ikiingia, Samhain, inateremshwa nyumbani. Majani yameisha, baridi inakuja, na mwenye mifugo anapita katikati ya kundi anaamua: huyu ana mimba abaki, yule mzee hatoboi mpaka masika, achinjwe. Nyama inakuwa nyingi kwa mkupuo, nyingine inatiwa chumvi, nyingine inaliwa na majirani wote. Wafugaji mnaonitazama mmeshanielewa.

Na shughuli inaanza usiku wa tarehe 31 Oktoba, haingoji kupambazuke. Julius Caesar, jemadari wa Roma ya kale, aliandika kwamba Wagaul, yaani Waselti wa upande wa Ufaransa, walianza kuhesabu siku kwa usiku wake. Watu wa pwani hili haliwashangazi, kwenu pia magharibi ikiingia ni siku nyingine.

Haya, mizimu sasa, maana najua mnaingoja. Wairishi wa kale waliamini kuna watu wa upande wa pili, aos sí, wanaokaa ndani ya vilima na makaburi ya kale, na usiku wa Samhain vilima hivyo hufunguka. Nenda Rathcroghan, jimbo la Roscommon, kuna pango linaitwa Oweynagat. Mlango wake ni kitundu tu chini ya mti, unaingia kwa kutambaa na magoti yanajaa tope. Ukiinua tochi pale mlangoni unaona jiwe lililochongwa mistari ya ogham, maandishi ya zamani sana ya huku, linamtaja Fraech mwana wa Medb, na Medb ni jina la malkia wa hadithi za huku. Hadithi zinasema humo ndimo viumbe vya kutisha vilitoka kuharibu nchi. Mimi niliona tope tu, lakini nilitoka haraka.

Hadithi hizo ziliandikwa na watawa Wakristo, karne nyingi baadaye, kwa hiyo anayekuapia anajua dua za makuhani wa Kiselti neno kwa neno, mpishe njia. Moja inamhusu shujaa Cú Chulainn, nayo inaeleza Samhain ya watu wa Ulster, upande wa kaskazini: siku 3 kabla, siku yenyewe, na siku 3 baada. Walifanya nini siku zote hizo? Mikutano, michezo, majigambo, kula na kunywa. Halafu padri mmoja wa karne ya 17, Geoffrey Keating, akaandika kwamba moto uliwashwa kilima cha Tlachtga, huku huku Meath, na kila nyumba Ireland ilipaswa kuzima moto wake na kuuwasha upya kutoka pale.

Kuna wanaodai Kanisa liliiba tarehe ya Samhain ili kuweka sikukuu ya watakatifu wote. Mimi sishawishiki. Kalenda za kale za Wakristo wa Ireland ziliweka sikukuu ya watakatifu wote tarehe 20 Aprili! Tarehe 1 Novemba ilishika mizizi karne za 8 na 9, ikakuta desturi za wafugaji ziko palepale, zikachanganyika.

Sasa ngoja nisogeze kamera. Huu unaitwa barmbrack, mkate wa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai ya rangi. Nakata... mnaona kikaratasi hiki? Ndani yake kuna pete. Ukiipata kwenye kipande chako, utaolewa mwaka huu. Zamani walitia pia sarafu, hiyo ni mali, kitambaa, umaskini, njegere, huolewi mwaka huu, na kijiti, ndoa ya vipigo. Hiki cha mwisho afadhali kiliachwa. Mikate ya dukani siku hizi ina pete peke yake, ya bati, na lazima uwaonye watoto wasiimeze.

Maboga mnayoyaona kwenye filamu ni ya Marekani. Huku walichonga tanipu, mboga ya mzizi iliyo mviringo, na tanipu ni ngumu kuliko muhogo mbichi, kijiko kinapinda. Makumbusho ya taifa kule Mayo wameweka umbo la tanipu moja iliyotoka Donegal: macho mawili, meno machache, imesinyaa, inatisha kuliko boga lolote. Njaa kuu ya Ireland, 1845 hadi 1852, iliua watu kama milioni moja na kuwasukuma wengine milioni moja hivi baharini. Waliofika Marekani wakakuta boga, laini, kubwa, la bei ndogo. Nani angerudi kwenye tanipu?

Kwa mliofika huku juzi: watoto wanaanza kugonga milango giza likiingia, wamevaa vinyago. Nunua peremende mapema, zinaisha dukani. Hutaki wageni? Zima taa ya mlangoni, watapita. Fataki msinunue, ni kosa kisheria bila kibali, hata ukiona kijana anauza barabarani. Na matunda pori yale meusi ya kwenye uzio wa vichaka, baada ya leo msichume. Wazee wa hapa wanasema púca, zimwi la hadithi za huku, ameshayatemea mate.

Kipande chenye pete bado sijakila. Nani anataka kipande?