Gari Linaporudi Nyuma Mlimani

Asanteni, kaeni. Naona wengine mmekuja na spana mfukoni. Ziacheni humo humo kwanza.

Mwenye gari akija kwa fundi husema neno moja tu: “Breki hazishiki mlimani.” Mimi humuuliza: lilipoanza kurudi, ulikuwa umekanyaga pedali au umevuta handbreki? Hizo ni njia mbili tofauti, hata pale zinapokutana kwenye breki shuu zilezile, yaani vile vipande vilivyopinda vinavyobana dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, kutoka ndani. Moja inasukumwa na mafuta, nyingine inavutwa na waya. Asiyejua ni ipi iliyomwachia atabadilisha vipuri mpaka mfuko utoboke.

Tuanze na mguu. Umekanyaga, gari limetulia, halafu pedali inazama taratibu kama unakanyaga tope. Ukiinua mguu na kukanyaga upya, inakuwa juu tena. Unaangalia chupa ya mafuta ya breki, imejaa. Unachungulia chini ya gari, pakavu. Hapo ndipo watu huanza kutaja majini! Mara nyingi ni mipira ya ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imechoka, mafuta yanapenya pembeni yake na kurudi yalikotoka. Kwenye tambarare hutagundua, kwa sababu unakanyaga, unasimama, unaachia. Mlima ndio unaokudai ushikilie dakika nzima.

Pedali ikiwa laini kama sponji, shuku hewa kwenye mabomba. Ikiwa ngumu na gari bado linateleza, pima busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma pedali: zima injini, kanyaga mara tano au sita, shikilia, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Nenda kaangalie shuu, na pedi, yaani vile vibao vinavyobana diski.

Sasa handbreki, na hapa nitakaa kidogo. Inapopanda mpaka juu bila kushika, mkono wa fundi mvivu hukimbilia nati ya waya. Anakaza, inashika, analipwa. Waya hukazwa mwisho! Fungua dramu kwanza. Shuu zimebaki unene gani? Zimelowa mafuta ya ekseli, au ya silinda ya gurudumu? Ajasta, ile skrubu inayosogeza shuu karibu na dramu, imeganda kwa kutu? Safisha, badilisha kinachostahili kubadilishwa, kisha sogeza shuu kwa ajasta mpaka gurudumu likizungushwa likwaruze kidogo sana. Ndipo uguse waya. Ukitangulia na waya, shuu hazirudi tena mahali pake pa kupumzikia, ajasta inayojirekebisha yenyewe inaacha kazi, na gurudumu linaweza kupata moto njiani.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hawaliamini mpaka waone. Handbreki ileile inaweza kushika gari likitazama juu na kuliachia likitazama chini. Katika dramu za kawaida, shuu moja huvutwa na mzunguko wa dramu ikajikaza zaidi, na mwenzake husukumwa mbali na dramu. Gari likigeuka, zinabadilishana kazi. Kwa hiyo shuu moja iliyoharibika hujificha upande mmoja wa mlima. Ndiyo maana Kanuni ya 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo, inataka breki ya kuegeshea ishike gari lililopakiwa kwenye mteremko wa asilimia 20, likipanda na likishuka. Asilimia 20 maana yake ni mita 20 kwenda juu kwa kila mita 100 za mbele. Nanyi mkijaribu, jaribuni pande zote mbili, kabari zikiwa karibu na magurudumu, na mtu yeyote asiwe chini ya gari, wala mbele au nyuma yake.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu gari lililokaa kimya robo saa ndipo likaondoka lenyewe. Swali zuri. Lilikuwa limetoka kuteremka mlima mrefu? Naona anaitikia. Na breki za nyuma ni za diski? Basi diski zilikuwa za moto, zimetanuka, pedi zikabana vizuri. Zilipopoa zikasinyaa, na mbano ukalegea. Ukiegesha namna hiyo, vuta handbreki mpaka mwisho, weka gia, elekeza magurudumu ya mbele kwenye ukingo wa barabara. Zikishapoa, rudi uvute tena. Utasikia meno mawili matatu ya handbreki yakiongezeka.