Barbara Cook na Aiskrimu ya Vanila

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema sana na nitalisema tena, kwa sababu bado halijasikika. Tamthilia ya muziki haipimwi kwa miezi iliyodumu jukwaani. She Loves Me ilifunguliwa New York tarehe 23 Aprili 1963, katika ukumbi wa Eugene O'Neill, ikafungwa tarehe 11 Januari 1964 baada ya maonyesho 300 na ushei. Siku tano baadaye ikafunguliwa Hello, Dolly!, ikavuka maonyesho 2,800 na ikaondoka na Tony, tuzo kuu ya Broadway, yaani majumba makubwa ya tamthilia ya New York, kama tamthilia bora ya muziki. Tangu hapo hukumu ikapita: ile ndiyo kubwa, hii ndogo. Wanaoirudia hukumu hiyo, wengi wao hawajaisikiliza She Loves Me toka mwanzo mpaka mwisho.

Na walioitengeneza hawakuwa watu wa kubahatisha. Muziki ni wa Jerry Bock, mashairi ya Sheldon Harnick, maandishi ya Joe Masteroff, mwongozaji ni Harold Prince. Mwaka huohuo wa 1964 Bock na Harnick wakatoa Fiddler on the Roof. Mwaka 1966 Masteroff na Prince wakatoa Cabaret. Hizo zinasifiwa kila kona ya dunia. Chungu kilichozitangulia kinaachwa mekoni.

Kisa chenyewe mnakijua, maana sinema imekichukua mara tatu, mwaka 1940, 1949 na 1998. Wauzaji wawili wa duka la manukato mjini Budapest wanagombana mchana kutwa, na usiku wanaandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Sitakieleza zaidi. Ninachotaka ni twende moja kwa moja kwenye sehemu ya pili, chumbani kwa Amalia Balash, mmoja wa wauzaji hao wawili.

Amalia jana usiku alimsubiri mwandishi wa barua mkahawani, akasubiri mpaka mkahawa ukafungwa. Leo hakwenda kazini. Georg Nowack, hasimu wake wa dukani, amekuja kumjulia hali, amemletea aiskrimu ya vanila, kisha ameondoka. Georg amekwishajua kwamba ndiye anayeandikiwa. Amalia hajui. Anachukua kalamu amwandikie rafiki yake asiyemjua, na hapo ndipo wimbo wa "Ice Cream" unapoanza.

Sasa tazameni kazi aliyopewa mwimbaji. Anatakiwa awe watu wawili kwa wakati mmoja: anayeandika na anayewaza. Anayeandika ana muziki wa adabu, sentensi zimepangwa, anaomba radhi kwa yaliyotokea jana. Anayewaza anaingilia kati, na kila akiingilia anataja aiskrimu. Anarudi kwenye karatasi. Aiskrimu inarudi. Anarudi tena, na safari hii barua inamshinda kabisa, anajikuta anamsema Georg: huyu wa leo si yule wa jana. Mwishoni sauti inapanda hadi noti ya B ya juu, hatua nusu tu chini ya ile C inayowatisha masoprano, na inapanda kwa ajili ya aiskrimu. Noti ile si pambo. Ndiyo mahali ambapo Amalia anagundua kwamba amempenda mtu mwingine.

Kwa nini basi wimbo huu unaharibiwa mara kwa mara? Kosa la kwanza hutokea mapema. Mwimbaji anaingia tayari ana furaha, uso umechangamka toka mstari wa kwanza, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Amalia anapoanza kuandika ana aibu na uchovu. Furaha inamjia bila yeye kuialika. Kosa la pili ni kalamu. Inawekwa chini mapema mno ili mikono iwe huru, na kalamu ikishawekwa chini hakuna barua tena, umebaki wimbo wa tamasha. Kosa la tatu ndilo baya zaidi: pumzi. Mtu anajua B inakuja, anasimama, anainua kifua, anavuta pumzi ambayo hata aliye kiti cha mwisho anaiona. Hadhira inaacha kumwaza Amalia, inaanza kujiuliza kama mwimbaji ataifikia. Pumzi ile ivutwe mapema, ndani ya wazo lililotangulia, mahali ambapo Amalia mwenyewe angepumua kwa mshangao.

Barbara Cook, aliyelibeba jukumu hili la Amalia mara ya kwanza, hakufanya hata moja kati ya hayo. Sikilizeni santuri ya mwaka 1963. Anaanza karibu na kusema. Kila neno linafika likiwa zima, hata sauti ikiwa juu. Sisi tuliolelewa na taarabu tunaelewa uzito wa hilo, maana mtu hainuki kitini kwenda kumtuza mwimbaji ambaye neno lake halikushikika. Cook alizaliwa Atlanta mwaka 1927, na mwaka 1956 alikuwa Cunegonde katika tamthilia ya muziki ya Candide, jukumu linalodai noti ya E-bemoli iliyo juu ya hiyo C. Mwaka 1958 akapata tuzo ya Tony kwa The Music Man. Kwa mtu huyo B haikuwa mlima, na ndiyo maana hakuipanda kama mlima.

Kuna watakaosema: sauti nzuri, sawa, lakini hadithi ni nyepesi, vichupa vya manukato na barua. Nakataa. Mwenye duka, Maraczek, anajaribu kujiua kwa sababu mkewe anatembea na mmoja wa wauzaji wake. Georg anapoteza kazi kwa tuhuma isiyo yake. Sipos, muuzaji mwenzao mwenye familia ya kulisha, ana wimbo mzima wa jinsi ya kumeza fedheha ili asifukuzwe. Ni Ulaya ya miaka ya 1930, kazi hazipatikani. Hata Amalia anaajiriwa kwa kuuza kisanduku cha muziki ambacho Georg aliapa hakiuziki: anamwambia mteja kwamba ni cha peremende, na kila akikifungua muziki utamkumbusha asile nyingi. Mteja analipa. Amalia anauza kwa akili ya njaa. Mnaouita huo wepesi, tazameni tena.

Muda unakwisha, kwa hiyo haya nayapitia mbiombio. Mpangilio wa okestra alioufanya Don Walker, sikilizeni fidla na kodiani zinavyoileta Hungaria bila makelele. Onyesho lilirudishwa Broadway mwaka 1993, kisha 2016 likiwa na mwimbaji Laura Benanti, na tarehe 30 Juni mwaka huo likarushwa moja kwa moja kwenye intaneti, la kwanza la Broadway kufanyiwa hivyo. Kuhusu Cook, miaka ya ulevi na huzuni ilimtoa jukwaani. Alirudi na tamasha la ukumbi wa Carnegie Hall mwaka 1975, akaimba kwa miongo mingine, akafundisha vijana waache mapambo kwa kuwa wao wenyewe wanatosha. Alifariki New York tarehe 8 Agosti 2017, akiwa na miaka 89. Hilo la ufundishaji lilistahili jioni yake peke yake.

Sasa tusikilize. Fundi, tuanze na "Will He Like Me?", Amalia anapoogopa kukutana na mwandishi wa barua, halafu "Dear Friend", pale mkahawani, ndipo "Ice Cream". Mpangilio huo usivunjwe. Ukianza na wa mwisho utasikia noti tu. Na mlio karibu na mlango, naomba mfunge.