Flemmie Kittrell: Mtoto na Nyumba Anamokulia

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanachuo mnaojiandaa kufundisha chekechea na sayansi kimu.

Nimeombwa nimzungumzie mwalimu mmoja aliyetangulia katika elimu ya makuzi ya mtoto na maisha ya familia, nami nimemchagua Flemmie Kittrell wa Marekani, ambaye katika vyuo vyetu jina lake halisikiki sana. Hoja yangu kumhusu ni moja: alikataa kumtenganisha mtoto na nyumba anamokulia, na kwa sababu hiyo hakukubali sayansi kimu ishushwe hadhi ikawa somo la kupika na kushona tu.

Alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Henderson, jimboni North Carolina, wakati ambapo sheria za majimbo ya kusini ziliwabagua Wamarekani weusi shuleni na katika vyombo vya usafiri. Alipojiunga na chuo cha Hampton alitaka kusoma siasa au uchumi, na aliposhauriwa achukue sayansi kimu hakuvutiwa hata kidogo. Alibadili nia baada ya kusoma habari za Ellen Swallow Richards, mwanakemia aliyeupeleka ujuzi wa maabara kwenye maji na chakula cha familia za kawaida. Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Cornell kilimtunuku shahada ya uzamivu, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata katika fani ya lishe. Tasnifu yake ilichunguza jinsi watoto wachanga wa watu weusi walivyolishwa katika eneo moja la North Carolina, swali ambalo naamini wasomi wengi wa siku zile wangeliona dogo mno kwa shahada kubwa namna ile.

Miaka kumi baadaye, yaani kati ya 1946 na 1947, alikwenda Liberia kuchunguza hali ya chakula, na hapo naomba tukae kidogo. Alichokikuta hakikuwa njaa ya sufuria tupu. Watu walikula wali na muhogo wakashiba, lakini vyakula hivyo vya wanga, vikiliwa bila kitoweo cha kutosha, humpa mtu nguvu ya kutembea huku vikimnyima protini na vitamini ambazo mwili unazihitaji ili ujengeke. Hali hiyo ndiyo iliyoitwa njaa iliyojificha, na walioisikia kwa Kittrell waliielewa upesi kwa kuwa alieleza jambo ambalo kila mama alikuwa ameliona bila kujua chanzo chake. Mfikirieni mtoto aliyeachishwa ziwa akahamia kwenye uji mtupu: halii njaa, tumbo lake limejaa, ila hachezi, husinzia mapema, na akifika shuleni mwalimu huandika katika ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa. Mwalimu huyo amepima akili ya mtoto kabla ya kuuliza alikula nini, nasi wa fani hii, tuseme kweli, tumefanya hivyo mara nyingi.

Mwaka 1950 alikwenda India, akashiriki kuanzisha kitivo cha sayansi kimu katika Chuo Kikuu cha Baroda, ambacho makamu mkuu wake wakati huo alikuwa Hansa Mehta, mwanamke aliyekuwa amepigania maneno ya Azimio la Haki za Binadamu yawataje binadamu wote badala ya wanaume wote. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi kama hiyo Kongo pia, akisaidia elimu ya wasichana katika nchi iliyotoka kupata uhuru.

Lakini kazi iliyobeba fikra zake zote ilikuwa nyumbani, Washington, katika Chuo Kikuu cha Howard, ambako aliongoza idara ya sayansi kimu tangu 1944 hadi alipostaafu mwaka 1972. Mwaka 1964 idara hiyo ilianza mradi wa chekechea wa miaka miwili kwa watoto 38 wa familia za kipato cha chini, na wazazi nao walihesabiwa kuwa sehemu ya mradi. Hilo si jambo dogo: kwa kawaida tunamwita mzazi shuleni pale tu mtoto anapokosea au ada inapochelewa, ilhali pale mzazi alikuwa mwanafunzi na mshirika kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilipoanzisha mpango wa Head Start kwa watoto maskini, Kittrell alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandaa watumishi wake.

Uchambuzi wa mradi ule wa Howard ulichapishwa mwaka 1972, na ulionyesha kwamba hata miongoni mwa maskini hao kulikuwa na tofauti, kwa kuwa watoto waliotoka katika nyumba zenye unafuu kidogo ndio waliosonga mbele zaidi. Wapo wanaoyasoma matokeo hayo kama dosari ya chekechea. Mimi nayasoma kama uthibitisho wa yale Kittrell aliyoyaanza mwaka 1936, kwamba darasa zuri haliwezi peke yake kufidia kinachokosekana jikoni na kwenye kipato cha mzazi. Ningependa tuanzie hapo maswali yenu, hasa kutoka kwa wale mnaofundisha katika shule zisizotoa hata uji wa asubuhi.