Agizo Kwanza, Yai Baadaye: Kufuga na Kuuza Nandu Kwenye Shamba Dogo

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufuga na kuuza nandu. Najua wengi mliomo humu mmepata ekari tatu, nne, tano nje ya mji. Padogo kwa ng'ombe, kuku mmeshafuga mpaka mmechoka, na mnatafuta kitu kitakachopendeza shambani na kurudisha angalau pesa ya chakula chake. Mimi nina miaka minane na ndege hawa, hapahapa Texas, kwenye ekari nne. Nimezaliwa Singida, mkoa ambao ukitaja kuku kila mtu anaitikia, na nilipoanza niliamini kwamba aliyelea kuku ataweza ndege yeyote. Haikuwa hivyo.

Kwa ambaye hajamwona, nandu, au rhea kama majirani zetu wanavyomwita, ukimtazama kwa mbali utadhani mbuni mdogo wa rangi ya majivu. Anasimama kama mita moja na nusu na uzito wake ni kilo 20 hadi 30, madume wengine huzidi. Mbuni ana vidole viwili mguuni, huyu ana vitatu. Kwao ni nyika za Amerika ya Kusini: Argentina, Brazili, Uruguay, Paragwai, Bolivia. Uruguay wamemweka kwenye sarafu yao ya peso tano. Ninayo hapa mkononi, nitaipitisha muione, ila naomba inirudie.

Mengi ya kazi yenu yatategemea dume, kwa hiyo nianze naye. Kwa mbuni wetu, jike mkuu anaatamia mchana na dume usiku. Kwa nandu, jike hana kazi hiyo kabisa. Dume anachimba kishimo, anakitandika majani makavu, anawaita majike. Wanataga humo mmoja baada ya mwingine, kisha wanaondoka kutafuta dume mwingine. Yeye anabaki na mayai ya mama tofauti tofauti, ambayo huko porini yanaweza kuwa 20, 30, hata kufika 50, anayaatamia siku 35 hadi 40, na vifaranga wakitoka anawalea peke yake karibu nusu mwaka. Tena dume mlezi akikutana na kifaranga asiye wake, mara nyingi humpokea akamchanganya na wenzake. Nimeliona hilo kwangu. Kifaranga aliyetoka kwenye mashine ya kutotolea mayai nilimsogeza chini ya bawa la dume usiku, alfajiri nikamkuta akitembea kwenye msafara na wenzake.

Huyu baba mwema ndiye atakayekupiga teke. Hapa kwetu msimu huanza majira ya kuchipua, karibu mwezi wa tatu au wa nne. Utamsikia kabla hujamwona: mngurumo mzito wa pande mbili, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa mtungi mtupu. Akishaanza kuatamia, ukikaribia analaza shingo, anafutua manyoya yote ya mbawa mpaka anakuwa mpana kama kichuguu, anakoroma, halafu anakuja. Mimi huingia na mfuniko wa pipa mkono wa kushoto, na mke wangu anasimama upande wa pili wa uzio na majani mabichi kumvuta macho. Usimshike shingo hata siku moja, shingo yake ni nyembamba na utamuumiza. Shika mwili, ukiwa nyuma au ubavuni, kwa sababu teke lake linakwenda mbele. Watoto wasiingie kabisa kipindi hicho.

Sasa mayai. Yai la nandu ni kama gramu 600, yaani mayai kumi ya kuku kwa moja. Likitagwa leo lina rangi ya dhahabu, kama embe lililoiva vizuri. Ukiliacha kiotani linapauka kila siku, mpaka linakuwa jeupe lililofifia kama pembe ya zamani. Hiyo ndiyo kalenda yangu. Nikikuta mayai tisa kiotani sina haja ya kuandika juu yake, nachukua yale ya dhahabu kwa ajili ya mashine na yale yaliyopauka nayamulika kwa taa kwanza, nione kama kuna kifaranga ndani. Kabla ya kuyaweka kwenye mashine nayakusanya mahali penye ubaridi, kama nyuzi 15, nayageuza kila siku, wala siyakalishi zaidi ya wiki moja.

Kwenye mashine joto ni nyuzi 36 na nusu hivi, chini kidogo ya kuku. Lakini kinachoua mayai mengi ni unyevunyevu. Yai linapoatamiwa hupoteza maji, na la nandu linatakiwa lipungue kama asilimia 13 hadi 15 kabla halijapasuka. La gramu 600 lazima lipungue gramu 80 hadi 90. Lisipopungua, kifaranga anavimba maji na kufia ndani. Nunua mizani ya jikoni, pima kila wiki, andika kwa penseli juu ya ganda. Mizani hiyo imeniokolea vifaranga wengi kuliko kitu chochote kingine nilichonunua. Siku za mwisho inua yai sikioni. Utasikia filimbi, ndogo na ya huzuni, na lililo jirani linaitikia. Wanaitana wakiwa bado ndani, na mara nyingi kundi zima hutoka ndani ya siku moja au mbili.

Kifaranga wa nandu ana mistari mgongoni na anakua haraka ajabu, miezi sita tu anakaribia urefu wa mzazi. Kasi hiyo ndiyo hatari yake. Ukimpa chakula chenye protini nyingi mno na kumfungia mahali padogo, mwili unautangulia mfupa na mguu unazunguka nje. Ukishazunguka haurudi. Nimewapoteza wanne kwa njia hiyo mwaka wangu wa kwanza, na nawakumbuka mmoja mmoja. Siku hizi vifaranga wangu wanalala juu ya zulia lenye kukwaruza, kamwe si juu ya gazeti wala plastiki inayoteleza, na kuanzia siku ya tatu wanatembea nje, nami natembea nao. Saa nzima asubuhi, saa nzima jioni, kama hawana baba wa kuwaongoza. Nawapa chakula cha ndege wa jamii ya mbuni, na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama ya kupika. Vipande virefu vya nyasi na majani makavu huwaziba tumbo. Na kabla hujawatoa, pita bandani ukiokota misumari, vipande vya waya na vioo, kwa maana nandu humeza kila kinachong'aa.

Uzio nitasema kwa ufupi: waya wa matundu madogo, futi tano kwenda juu, bila miiba, na kona zisiwe kali. Msiuchukulie kwa wepesi. Karibu na mwaka 2000 nandu wachache walitoroka kwenye shamba la mtu karibu na mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Walivuka mto Wakenitz wakaingia Mecklenburg, wakapenda mashamba ya kanola, mmea wa mbegu za mafuta, wakazaana. Mwaka 2018 walihesabiwa zaidi ya 500 porini. Wakulima walilalamika, na mwaka 2020 serikali ya jimbo ikaruhusu wawindwe. Ndege hao hawakuwa na kosa. Uzio ulikuwa wa mtu.

Sasa tuingie kwenye kuuza, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Wakazi wa zamani wa Texas watawasimulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hii iliingiwa na homa ya kufuga mbuni, nandu na emu, ndege mkubwa wa Australia. Watu waliambiwa nyama yake itachukua nafasi ya ng'ombe, ngozi yake ni ya viatu vya bei, mafuta yake ni dawa ya viungo. Jozi ya emu au mbuni waliokomaa ilifika kuuzwa makumi ya maelfu ya dola. Mkulima alinunua jozi, akazalisha, akamuuzia mkulima mwingine aliyetaka kuzalisha, naye akamuuzia mwingine. Pesa ilikuwepo kweli, lakini yote ilitoka mfukoni mwa mfugaji mpya. Mlaji hakuwepo kwenye mnyororo ule. Wafugaji wapya walipokwisha, bei ilianguka, na kabla ya muongo kwisha ndege wale wale walikuwa wa dola chache, na wengine walifunguliwa lango tu waende watakapokwenda.

Msiseme ni mambo ya Wamarekani. Ndugu zetu wa Kenya hapa wanakumbuka kware, mwaka 2014. Yai la kware lilisemekana linatibu karibu kila ugonjwa, watu wakachukua mikopo wakajenga vizimba, yai likauzwa kwa makumi ya shilingi. Halafu kila jirani akawa na kware, na bei ikashuka hadi shilingi chache, na anayenunua hayupo. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Kila mmoja aliona jirani yake akiuza kweli, ila hakuuliza anamuuzia nani.

Mimi nami sikuuliza. Msimu wangu wa pili nilitotolesha vifaranga 31, nikiwa na furaha isiyo na kifani. Niliuza tisa. Wengine nilikaa nao kipindi chote cha baridi, wakila gunia baada ya gunia, na majira ya kuchipua yalipofika madume wakaanza kupigana. Ndege mmoja alipoteza jicho. Kuna usiku nilisimama kwenye banda na tochi nikimsafisha jeraha, na yeye ametulia kimya kabisa, nikajiuliza nilimleta duniani kwa ajili ya nini.

Fikirini hesabu hii. Nusu ya kila kundi, zaidi au pungufu, ni madume. Mnunuzi wa kawaida anataka majike wawili na dume mmoja, au majike watupu. Wakiwa wadogo huwezi kutofautisha kwa macho, inabidi kupeleka manyoya maabara wapime, na mnunuzi makini atadai karatasi hiyo. Kwa hiyo kila unapouza jike mwenye karatasi, kuna dume amebaki kwako. Naye anaweza kuishi miaka 15 au zaidi.

Tangu mwaka ule sitotoleshi yai ambalo kifaranga wake hana mwenyewe. Mwezi wa kwanza na wa pili naandika majina. Mnunuzi ananitumia picha ya uzio wake na mahali pa kivuli kwa ndege, analipa nusu ya bei, na anakubali kwa maandishi kuchukua kama watakavyotoka, dume kwa jike. Asiyekubali hilo namwelekeza kwa mfugaji mwenye ndege wakubwa waliokwisha pimwa. Nikiwa na majina ya kutosha ndipo nawasha mashine. Siuzi kifaranga mmoja peke yake, ni ndege wa kundi, akiwa pekee anazunguka uzio akilia mpaka anakonda. Namsafirisha usiku, gizani, kwenye trela yenye sakafu isiyoteleza.

Na mayai yaliyobaki je? Hapa ndipo nilipopata riziki ambayo sikuitarajia. Majike wangu wawili walinipa mayai 46 msimu uliopita, na majina yangu yalihitaji 14 tu. Yale mengine natoboa tundu moja chini kwa ncha ndogo ya drili, napuliza cha ndani nje, nasuuza, nakausha kivulini. Cha ndani tunakula, yai moja linatosha familia nzima kwa chai ya asubuhi. Ganda wananunua mafundi wa kuchonga na kupaka rangi. Ganda halili, halipigani, halihitaji uzio, nalo linangoja mnunuzi mwaka mzima. Manyoya yanayodondoka nayaokota pia. Huko Argentina na Brazili yametumika tangu zamani kwa vifagio vya vumbi, na hapa wanaotengeneza mapambo huyaulizia.

Jambo moja kwa wale wanaopigiwa simu na jamaa nyumbani, "tuletee mayai mawili matatu kwenye begi." Msifanye. Nandu yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuvusha mpaka wa nchi kunataka kibali, achilia mbali vibali vya mifugo, na mafua ya ndege hayana mzaha. Hata kuvuka jimbo hapahapa Marekani kuna karatasi zake, ama cheti cha daktari wa mifugo ama zile za NPIP, mpango wa taifa wa kupima afya ya kuku na ndege wa kufugwa. Mpigie daktari wa mifugo wa jimbo unakopeleka kabla hujapakia.

Wiki hii dume wangu yuko siku ya 29 juu ya mayai manane. Sita yana majina. Mawili niliyaacha kwa ajili yangu, kwa sababu jike wangu mmoja anazeeka. Hapa mezani nimeleta mayai matatu, moja la leo asubuhi, moja la siku nne, moja la wiki mbili, muone rangi zinavyopishana. Baada ya chai, anayetaka kujifunza kutoboa aje mbele, drili ninayo. Na ile sarafu imefika wapi?