Kabla ya Kuuliza Mita Ngapi: Mwamba na Maji ya Kisima cha Nyumbani

Ndugu zangu, nashukuru mmefika. Anayetaka kuchimba kisima nyumbani kwake huuliza kwanza: tuchimbe mita ngapi? Naomba tuanze na swali linalotangulia hilo. Chini ya kiwanja chako kuna mwamba gani?

Wengi huamini kwamba maji hupita chini kama mto, na mchimbaji mwenye bahati huugonga. Mito ya namna hiyo ipo hasa kwenye miamba ya chokaa, ambako maji yenye asidi kidogo yameuyeyusha mwamba hadi yakatoboa mapango. Kwingi maji hukaa katika vinafasi kati ya chembe za mchanga, au ndani ya nyufa.

Na kuwapo kwa maji hakutoshi, lazima yaweze kutembea. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa na nafasi wazi nyingi kuliko mchanga, hata nusu ya ujazo wake, lakini nafasi hizo ni ndogo mno hivi kwamba maji hunaswa humo. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa, alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga, akaonyesha kuwa mwendo wake hutegemea tofauti ya msukumo na sifa ya kitu kinachopitiwa. Ndiyo maana shimo laweza kutoka tope tangu juu hadi chini, na bado lisijaze ndoo.

Sasa twende kwenye itale na miamba mingine migumu ya zamani, maana huko ndiko fedha nyingi hupotea. Mwamba wenyewe hauna nafasi ya maji. Yanayopatikana yako katika tabaka la juu lililooza kwa hali ya hewa, na katika nyufa zilizo chini yake. Kadiri unavyoshuka, nyufa hupungua na kubanwa na uzito wa mwamba. Kwa hiyo mtu anayeambiwa “ongeza mita hamsini tu” mara nyingi analipia vumbi kavu. Kisima cha jirani nacho si ushahidi wa kutosha: ufa unaomnywesha yeye unaweza kupita hatua chache nje ya ua wako.

Hapo upimaji wa awali una thamani, mradi tuelewe unachopima. Kifaa cha umeme hakioni maji. Kinapima jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Mfinyanzi na maji ya chumvi vyote huupitisha kwa urahisi, kwa hiyo mtaalamu anayesoma namba bila kuijua miamba ya eneo anaweza kukupeleka pabaya.

Mlio karibu na bahari, wasikilizeni kwa makini wanaowaonya kuhusu kina. Maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa makadirio yanayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kuirudisha chini huchukua muda mrefu.

Maji maangavu yapimwe pia maabara. Floraidi na aseniki, kemikali zinazodhuru afya zikizidi, hutoka kwenye mwamba wenyewe, hazionekani wala hazinuki. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na 0.01 za aseniki.

Siku ya kuchimba, dai vipande vya mwamba vihifadhiwe kila mita chache na viandikwe. Hivyo ndivyo fundi anavyojua mabomba yenye matundu yakae wapi, na saruji izibe wapi ili maji machafu ya juu yasiteremke kando ya bomba. Kisha kisima kivutwe kwa saa kadhaa huku kina cha maji kikipimwa, ndipo pampu ichaguliwe. Karatasi zenye kumbukumbu za vipande na vipimo hivyo ubaki nazo wewe mwenye kisima. Maji yakipungua miaka ijayo, fundi atazihitaji kabla hajagusa pampu.