Mbale ya Chuma Huhesabiwa Wapi? Mhadhara Uliotolewa Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, maafisa biashara wa halmashauri zetu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa kuzungumzia uainishaji wa shughuli za uchimbaji wa chuma. Wengi huliona jambo hili kuwa la makarani. Naomba mnivumilie nilieleze kwa kina, kwa sababu jirani zetu wa Njombe, katika Wilaya ya Ludewa, wana mashapo makubwa ya chuma ya Liganga, na namna kazi ya pale itakavyoandikwa katika takwimu ndiyo itakayotuonyesha kama mali imeongezewa thamani huku Nyanda za Juu Kusini au imepita tu kuelekea bandarini.

Takwimu zetu za Pato la Taifa hupangwa kwa kufuata uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, toleo la nne, lililotolewa mwaka 2008. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, nayo humtaka anayesajili kampuni achague shughuli yake humo humo. Uchimbaji wote umewekwa katika Sehemu B. Makaa ya mawe, kama yale ya Kiwira, yako katika divisheni ya 05. Mbale za metali, yaani mawe yenye metali ndani yake, ziko katika divisheni ya 07, ambamo chuma kimepewa namba yake peke yake, 0710, na dhahabu ya Chunya imo katika 0729 pamoja na metali nyingine zisizo chuma.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza tunaposoma maelezo ya 0710, kwa kuwa hayasemi tu kwamba mbale iwe na chuma ndani yake. Yanasema thamani yake iwe hasa ni ya chuma. Mwamba wa Liganga una chuma, na pia una metali nyingine mbili, titani na vanadi. Mchimbaji akiuza mbale hiyo kwa ajili ya chuma, yumo katika 0710. Lakini ikitokea kwamba soko linamlipa zaidi kwa vanadi na titani kuliko chuma, basi kwa kanuni hiyo hiyo kazi yake inasogea kwenda 0729, ingawa shimo ni lile lile na mitambo ni ile ile. Kwa hiyo afisa anayejaza fomu hawezi kutosheka na jina la mgodi. Ni lazima aulize kinachouzwa na kinacholeta fedha nyingi zaidi.

Swali la pili ni mahali uchimbaji unapokoma. Kuponda mawe, kuyasaga, kuyaosha, kutenganisha mbale na taka kwa sumaku, hata kuifinyanga mbale laini iwe vidonge vya kulishia tanuri, yote hayo bado ni uchimbaji, 0710. Mara tu tanuri linapoanza kutoa chuma chenyewe, tumevuka mpaka na kuingia Sehemu C, viwanda, namba 2410. Mafundi wa kale wa Ufipa, waliosimamisha matanuri marefu ya udongo na kufua majembe kutokana na chuma walichoyeyusha, hawakuwa na haja ya mpaka huu. Sisi tunauhitaji, maana vidonge vikisafirishwa nje tutakuwa tumeuza mbale, hata kama eneo lenyewe litaitwa kiwanda kwenye bango la langoni.

Hapa ndipo penye hofu yangu kubwa. Mkataba wa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulikusudia kuunganisha chuma cha Liganga, makaa ya Mchuchuma, kuzalisha umeme na kufua chuma. Mradi wa namna hiyo ukiandikwa kama kampuni moja, huainishwa kwa shughuli inayochangia ongezeko kubwa zaidi la thamani. Ikiwa shughuli hiyo ni kufua chuma, basi kila kitu kitasomeka 2410, na mgodi wenyewe hautaonekana katika hesabu. Masoko ya hisa yanalo tatizo la aina hiyo: Fortescue ya Australia, inayojulikana kwa kuchimba mbale ya chuma, huwekwa katika fungu la feleji (Steel) katika uainishaji wa GICS unaotumiwa na wawekezaji. Mwekezaji anaweza kuridhika na hilo, lakini mpanga mipango wa mkoa haliwezi kumfaa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila kituo cha uzalishaji kiandikwe peke yake: mgodi wa chuma 0710, mgodi wa makaa 0510, umeme 3510, tanuri 2410.

Nimalizie na wenzetu wenye kampuni ndogo, ambao ndio wengi katika ukumbi huu. Anayefukua udongo wa juu kuandaa eneo la mgodi yumo katika ujenzi, 4312. Anayechoronga miamba kwa majaribio na kulipwa kwa kazi hiyo yumo katika huduma za uchimbaji, 0990. Mwenye malori ya kubeba mbale kwa kukodiwa ni msafirishaji, 4923. Hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kujiandika 0710, na afisa biashara anayewasaidia kusajili awaeleze hivyo kabla fomu haijatumwa.