Urease: kimeng'enya kinachomfanya bakteria aishi kwenye tindikali

KOMBO: Asalaam aleikum, wasikilizaji. Tunarekodi hapa Ngamiani, Tanga. Mimi ni Mwalimu Kombo, nafundisha baiolojia, na mwenzangu kama kawaida ni dada Zuhura wa maabara.

ZUHURA: Waaleikum salaam, Mwalimu. Leo tunaanza na swali. Msikilizaji wetu wa Pongwe alikwenda kupimwa Helicobacter pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa kipimo cha pumzi. Alipotaja kwamba anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, wakamwambia aiache kwanza, arudi baada ya wiki 2. Anaona amezungushwa.

KOMBO: Hakuzungushwa. Lakini ili aelewe sababu, ni lazima tuzungumze juu ya urease, kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha kazi za kikemia ndani ya viumbe.

ZUHURA: Ni kimeng'enya nikipendacho kuliko vyote, Mwalimu, nasema kweli.

KOMBO: Basi kieleze wewe.

ZUHURA: Ini letu linatengeneza urea kutokana na mabaki ya protini. Nyingi inatoka kwa mkojo, ila kiasi kidogo kinafika tumboni pamoja na majimaji ya mwili. Urease inaichukua urea na maji, inatoa amonia na kabonidioksaidi. Ukiiacha urea peke yake kwenye maji, bila kimeng'enya, nusu yake itachukua miaka mingi kuvunjika. Wako waliokadiria karibu miaka 40. Urease inamaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua.

KOMBO: Na amonia inapunguza ukali wa tindikali.

ZUHURA: Naam. Tumbo lina pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho kikishuka ukali unazidi, ya 1 hadi 2, bakteria wengi wanakufa humo. Huyu anajizungushia amonia. Hadi asilimia 10 ya protini zake zote inaweza kuwa urease. Fikiria kiumbe anayetumia sehemu kubwa hivyo ya mali yake kwa kimeng'enya kimoja!

KOMBO: Ila hapa pana fumbo ambalo wanafunzi wangu huliuliza. Urease yenyewe ukiitoa nje ya bakteria, ukaiweka kwenye tindikali chini ya pH 4, inaharibika. Sasa kinga isiyoweza kujikinga inamlindaje mwenyewe?

ZUHURA: Jibu lipo kwenye umbo. Mwaka 2001 wanasayansi wa Korea Kusini walichapisha umbo lake kamili. Kuna minyororo miwili ya protini, mdogo unaitwa UreA na mkubwa UreB. Jozi 3 zinakaa pamoja, halafu mafungu 4 ya namna hiyo yanaungana kuwa mpira wenye kipenyo cha nanomita 16 hivi. Jumla minyororo 24, na mahali pa kufanyia kazi 12.

KOMBO: Wakati bakteria wengine, kwa mfano Klebsiella, wana fungu moja tu lenye sehemu 3 za kazi.

ZUHURA: Ndiyo. Watafiti wale walipendekeza kwamba kujikusanya kuwa mpira mkubwa kunaisaidia urease kustahimili tindikali. Na katika kila sehemu ya kazi mna atomu 2 za metali iitwayo nikeli, zimeshikwa pamoja na asidi amino iitwayo laisini, ambayo imepachikwa kabonidioksaidi. Bila nikeli mpira upo lakini haufanyi lolote. Bakteria ana protini nyingine, UreE, UreF, UreG na UreH, ambazo kazi yao ni kuipachika nikeli mahali pake.

KOMBO: Nikeli hiyo ilichelewa kujulikana. Mmarekani James Sumner ndiye aliyepata fuwele za urease mwaka 1926, kutoka kwenye mbegu za mmea wa jamii ya kunde. Wakati huo wakubwa wa kemia walikataa kwamba kimeng'enya ni protini. Akapewa Nobel mwaka 1946. Nikeli ilionekana mwaka 1975. Huwa nawaambia wanafunzi wasikate tamaa wakipingwa.

ZUHURA: Sasa turudi Pongwe. Urease nyingi imo ndani ya bakteria, kwa hiyo urea lazima iingie. Inapitia lango liitwalo UreI, lililo kwenye utando wa ndani. Nje pakiwa na tindikali, lango linafunguka. Tindikali ikipungua, linafungwa.

KOMBO: Kwa nini lifungwe?

ZUHURA: Kwa sababu amonia ikizidi mahali pasipo na tindikali, inamuua bakteria mwenyewe! Ndiyo maana bakteria walionyimwa UreI kwenye maabara walishindwa kuishi ndani ya matumbo ya panya.

KOMBO: Kwa hiyo omeprazoli inapopunguza tindikali...

ZUHURA: ...lango linafungwa, na idadi ya bakteria nayo inapungua. Kipimo cha pumzi unakunywa urea yenye kaboni 13, ambayo haina mionzi. Urease ikiivunja, kaboni hiyo inatoka kwenye pumzi. Kwa hiyo tunachokipima ni kazi ya kimeng'enya. Kimeng'enya kikiwa kimelala, majibu yanasema huna, na bakteria unaye. Omeprazoli isimamishwe wiki 2, antibiotiki wiki 4, kwa ushauri wa daktari wako. Nawaomba sana ndugu zangu, semeni ukweli kuhusu vidonge mnavyonunua dukani.

KOMBO: Kuna na jambo la ute.

ZUHURA: Ah, hilo! Ute wa tumbo kwenye tindikali ni mzito, bakteria hawezi kuogelea. Amonia ikiupunguzia tindikali, unalegea kama uji uliotiwa maji, naye anapenya hadi kwenye ukuta wa tumbo, ambako tindikali ni kidogo.

KOMBO: Je, hatuwezi kuizima urease yenyewe kwa dawa?

ZUHURA: Ipo asidi asetohidroksamiki, inang'ang'ania zile nikeli mbili. Imetumika kwa mawe ya njia ya mkojo yanayoletwa na bakteria wenye urease, lakini madhara yake si haba. Kwa H. pylori tunaendelea na antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza tindikali.

KOMBO: Wakulima wetu wa Lushoto nao wanapambana na urease, ya bakteria wa udongoni. Ukimwaga mbolea ya urea juu ya ardhi, inageuka amonia na kupotelea hewani.

ZUHURA: Waifukie, Mwalimu, au waiweke mvua ikikaribia.

KOMBO: Wiki ijayo tutajibu swali la mama wa Muheza kuhusu maziwa yanayoganda.